Amelala Vizuri

Bibi yangu alijifunza Kiswahili ukubwani, na alikijua kile cha kuuzia kuku na alizeti mnadani. Demensia, yale maradhi ya usahaulifu, ilipomwingia, Kiswahili ndicho kilichotangulia kuondoka. Kinyaturu kikabaki. Kijijini kwetu Singida hilo halikumsumbua mtu. Alipolazwa hospitali kwa nimonia, likamsumbua kila mtu.

Kupokelewa kwenyewe hakukuwa na tatizo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 imezungumzia matibabu ya bure kwa wazee wasio na uwezo, na dirisha la wazee tulilikuta, tena halina foleni. Shida ilianza wodini, saa za kuona wagonjwa zilipokwisha na sisi ndugu tukatolewa nje.

Asubuhi nilimkuta mikono imefungwa kwa bandeji kwenye vyuma vya kitanda. Usiku alikuwa amechomoa dripu mara mbili. Muuguzi aliyekuwa anamaliza zamu alinieleza hayo akiwa amesimama kichwani pa bibi: "Huyu amechanganyikiwa kabisa, haelewi lolote." Bibi alikuwa anamtazama usoni. Kusahau si uziwi.

Najua alikuwa peke yake usiku kucha na wodi imejaa. Nimewaona wauguzi wakila chakula chao wima. Lakini nilipotumwa maabara na faili, nililifungua njiani. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili wa isimu. Kazi yangu ni kusoma walichoandika watu. Kuhusu usiku ule yaliandikwa maneno mawili tu: amelala vizuri. Bandeji haikutajwa, wala dripu. Kumfunga mgonjwa pengine kuna sababu yake. Kumfunga na kutoandika ni kumkabidhi daktari wa asubuhi mgonjwa mwingine, ambaye hayupo.

Muuguzi wa mchana alikuwa mtu wa Mbeya. Alifungua bandeji, akamsugua bibi viganja, akasema "Shikamoo, bibi," akasubiri mpaka jibu likaja, kwa Kinyaturu. Kisha akanigeukia: "Mdogo wangu, kwenu maji mnayaitaje?" Nikamwambia. Akauliza maumivu, akauliza choo. Maneno yote matatu akayaandika kwenye kipande cha plasta, akakibandika ukutani juu ya kitanda.

Bibi alimwita kwa jina la shangazi yangu, aliyefariki miaka mingi iliyopita. Muuguzi hakujifanya ndiye, wala hakumsahihisha. Alisema tu, "Nipo hapa," akaendelea kumlisha uji. Ndugu zangu walisema ana huruma. Mimi nilisema anaijua kazi. Huruma huchoka ikifika saa kumi alfajiri. Plasta ilibaki ukutani hata mwenyewe alipokwenda kulala kwake.

Baadaye, nikisoma kuhusu maradhi haya, niligundua kuwa wazo lake lina ndugu. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliopima wazee wa miaka 70 na zaidi walikadiria kuwa asilimia 6.4 wana demensia. Katika kazi ya huko kilitengenezwa kipimo kifupi kiitwacho IDEA. Hakimtaki mzee achore kwa kalamu, kwa kuwa wengi hawakuwahi kwenda shule. Kinamtaka apange vijiti vya kiberiti. Nilikipenda kwa hilo. Kipimo ndicho kilichoinama kumfuata mzee.

Usiku wa tatu zamu ilirudi kwa muuguzi yule wa kwanza. Sikulala. Asubuhi nilimkuta bibi mikono iko huru, na sindano ya dripu imezungushiwa bandeji na kufunikwa kwa mkono wa sweta lake, asiione. Kwenye plasta palikuwa na neno la nne, kwa mwandiko mwingine, limekosewa herufi moja: nyumbani. Nadhani alimuuliza mama anayefanya usafi, ambaye ni Mnyaturu.

Faili lilikuwa juu ya kabati. Ameamka mara tatu. Ameomba maji, amepewa. Amechomoa dripu saa tisa, imerudishwa. Amelia kidogo.