Diski nilizonunua mara mbili

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki tatu na wasomaji wawili wameniandikia kuuliza kama nimeacha kublogu. Sijaacha. Nilikuwa chini ya gari.

Desemba nilikuwa nampeleka mama Nakuru kwa barabara ya chini, ile ya Mai Mahiu. Anayeijua anajua: barabara inaporomoka kwenye ukuta wa Bonde la Ufa, malori mbele yako, malori nyuma yako, na kando ni bonde tupu. Nilikanyaga breki kwenye kilomita 80 kwa saa, usukani ukaanza kutetemeka mikononi mwangu kama simu iliyowekwa mtetemo. Mama alikuwa anasinzia. Aliamka akashika dashibodi.

"Ni nini hiyo?"

"Ni barabara tu, mama."

Nilimdanganya. Nikashusha gia hadi 2 na kuiacha injini ilizuie gari, tukateremka polepole mpaka kwenye lile kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano. Hapo ndipo viganja vyangu vilipokauka.

Kilichonikasirisha ni kwamba diski zile zilikuwa mpya! Mwezi Agosti mtetemo huohuo ulikuwapo, fundi akaniambia, "Diski zimepinda, boss," nikaenda Kirinyaga Road nikanunua pea kwa shilingi 8,500. Mtetemo ukaisha. Kilomita 4,000 baadaye, huo umerudi. Sisi waandika programu tunaijua hadithi hii: seva inakwama, unaizima na kuiwasha, inafanya kazi, unasema umerekebisha. Hujarekebisha kitu.

Basi nikaanza kusoma. Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba diski ya gari la kawaida ni nadra kupinda kwa joto kama tunavyoambiwa. Carroll Smith, mhandisi wa magari ya mashindano wa Marekani, aliwahi kuandika makala nzima kulipinga wazo hilo. Mara nyingi kinachotetemesha usukani ni unene usiolingana: sehemu moja ya diski ni nyembamba kuliko nyingine, au pedi zimeacha utando wake mahali pamoja zaidi ya pengine. Tofauti ya milimita 0.02 tu inatosha kusikika mikononi. Kwenye kilomita 80 kwa saa gurudumu langu linazunguka kama mara 11 au 12 kila sekunde, kwa hiyo pedi zinapanda na kushuka kilima hicho mara hizohizo.

Lakini unene huo unatoka wapi kwenye diski mpya? Hapa ndipo penye utamu. Diski inakaa juu ya habu, ile sahani ya chuma yenye boliti za gurudumu. Habu ikiwa na kutu, diski haikai sawasawa. Inayumba kidogo sana. Hukanyagi breki, lakini kila mzunguko upande mmoja wa diski unazigusa pedi, unalambwa kidogo, unaendelea. Kilomita 4,000 ni kama mizunguko milioni 2 ya gurudumu. Ni lupu inayopoteza baiti moja kila ikizunguka: siku ya kwanza huoni kitu, mwezi wa nne programu inaanguka.

Nikaazima saa ya kupimia kwa rafiki anayefanya kazi ya lethi, ile yenye mshale na sumaku. Nikafunga nati zote za gurudumu juu ya diski, nikaizungusha kwa mkono. Kulia mshale ulicheza 0.03. Kushoto, 0.14! Kiasi kinachokubalika ni kama 0.05. Nikaitoa diski, na nyuma yake kulikuwa na kutu ya tabaka, ngumu kama ukoko wa ugali. Dakika 20 za brashi ya waya na msasa, nikaipima habu yenyewe: ilikuwa sawa kabisa. Kosa halikuwa la diski wala la aliyeniuzia.

Ningeweza kuzichonga zile kwenye lethi, lakini ukingoni zimeandikwa unene wa mwisho, 23 mm, na ya kushoto ilikuwa 23.4. Ukichonga pande zote mbili hubaki na kitu. Nikarudi dukani. Kijana wa kaunta alinionyesha zenye matundu na zenye mifereji, nzuri kweli kwa macho. Nikakataa. Kwa gari la kwenda kazini na Nakuru, matundu hupunguza chuma cha kumeza joto, na nyufa hupenda kuanzia hapo. Nilichukua za kawaida zenye nafasi ya hewa katikati, nikazipima unene pande nane kwa maikromita palepale kaunta (waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni hawakufurahi), nikachukua na pedi mpya. Diski za mitumba kutoka Japani sikuziangalia, maana historia yake huijui.

Nati nilizifunga kwa mpangilio wa nyota, kwa spana inayopima nguvu, 103 Nm, kisha nikatoka alfajiri kuzilainisha: mara kumi kutoka kilomita 60 hadi 10 bila kusimama kabisa, halafu mwendo wa polepole zipoe. Ukisimama ukiwa umekanyaga breki zenye moto, pedi inaacha alama yake palepale.

Sasa nimefikisha kilomita 6,200. Jumapili iliyopita tuliteremka tena Mai Mahiu na mama hakuamka. Fundi wangu, baada ya kunicheka sana, aliomba ile saa ya kupimia kwa siku moja. Leo ni siku ya kumi na moja, na mwenyewe wa lethi ananipigia simu.