Chembe Inayokufa Ikitega Wavu

Hapana shaka kila mmoja wetu amepata jipu, akaufuta usaha wake kwa kinyaa. Mimi pia nilikuwa hivyo, mpaka nilipojifunza kwamba usaha ule kwa sehemu kubwa ni chembe nyeupe za damu ziitwazo neutrofili, zilizokufa zikitulinda.

Neutrofili huzaliwa katika uboho wa mifupa. Tangu zamani ilijulikana kwamba humeza vijidudu. Lakini mwaka 2004 wataalamu wa Berlin, Ujerumani, akina Volker Brinkmann na Arturo Zychlinsky, walitangaza kwamba hutega wavu pia. Mwaka 2007 ikaelezwa kuwa kufa kwake huko kuna utaratibu maalumu.

Kazi yenyewe huenda hivi. DNA hukaa imekunjwa ndani ya kiini cha chembe. Vimeng'enya huilegeza, kisha ngozi ya kiini huvunjika, na nyuzi za DNA huchanganyika na protini zinazoua vijidudu. Baada ya saa chache chembe nzima hupasuka, na nyuzi hizo humwagika nje. Kijidudu kikipita hunasa. Mtegaji amekwisha kufa, bali wavu wake ungali ukifanya kazi.

Nayaandika haya kwa ajili ya dada yangu, mgonjwa wa lupasi. Kwa baadhi ya wagonjwa wa lupasi, mwili hauwezi kuziondoa nyavu hizi vizuri. Zikibaki, huweza kuuchochea mwili upigane na DNA yake wenyewe, na viungo na figo huumia.

Kijijini kwetu watu walisema dada amelogwa. Walitaja methali, "Kikulacho ki nguoni mwako," huku wakimtazama shangazi yetu. Shangazi akaacha kuja kwetu. Wakati wa likizo nilimweleza baba habari za nyavu, nikichora mchangani. Sikumwambia kuwa dada atapona kabisa, maana dawa zilizopo huutuliza tu ugonjwa huo. Baba alinyamaza kitambo, kisha akanituma nikamwite shangazi aje tule pamoja.

Basi methali ile ni kweli, ila aliyemo nguoni si shangazi. Ni damu ya dada yenyewe. Wenzangu, tufungapo shule tusibebe masanduku tu. Tubebe na elimu, kwani nyumbani yuko anayeingoja.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne