Mtoto Atakaa na Nani Ndegeni?

Zamani ndege ilikuwa ya mabwana wakubwa wenye mikoba. Siku hizi hata sisi akina mama tunapanda, tena na watoto mgongoni. Bibi anaumwa Bukoba, likizo ni fupi, na basi kutoka Dar es Salaam ni safari ya kuvunja kiuno. Au baba yuko masomoni ng'ambo na watoto wanamlilia kila jioni. Basi mnajibana, zamu yako ya upatu inafika, tiketi zinapatikana. Ndugu na majirani watakuuliza habari za mizigo, kilo ngapi, na mtoto atakula nini njiani. Swali moja huwa halitajwi mpaka mmefika mlango wa ndege: mtoto atakaa na nani?

Akina mama wengi ninaoongea nao hudhani kwamba ukikata tiketi za watu wanne umepewa viti vinne vinavyofuatana. La hasha. Tiketi inakupa safari; kiti ni habari nyingine. Mashirika mengi siku hizi yanauza nafasi ya kuchagua kiti kama yanavyouza kilo za ziada za mzigo. Asiyelipa hupangiwa na kompyuta, nayo hujaza mapengo yaliyobaki: moja safu ya 14, jingine safu ya 27. Haijali kwamba huyo wa safu ya 27 bado anafungwa viatu na mama yake.

Mimi yalinikuta Desemba 2017. Mume wangu alikuwa mwaka wa pili wa masomo huko Ulaya, nami nilikuwa nampelekea watoto watatu: kijana wa miaka 7, binti wa miaka 4, na kitinda mimba wa miezi 10 ambaye alisafiri mapajani kwangu. Viti tulikuwa tumepangiwa pamoja wiki sita kabla, na karatasi nilikuwa nayo mkononi. Kufika kaunta pale uwanjani, nikapewa boding pasi zenye viti vya safu tatu tofauti. Ndege iliyopangwa ilikuwa imebadilishwa, ikaletwa ya aina nyingine, na kompyuta ikawapanga abiria upya. Dada wa kaunta hakuwa mkorofi. Alikuwa amechoka, na foleni ilikuwa imefika mlangoni. Akaniambia, "Mama, mtaelewana humo humo ndani."

Mama mwenzangu, maneno hayo usiyakubali. Humo ndani kila mtu ameshakaa, mizigo imeshapandishwa, mlango unataka kufungwa, na mhudumu ana abiria mia mbili wa kuwatazama. Hana kompyuta ya kupanga viti. Ana ulimi wake tu wa kuwabembeleza watu. Pale kaunta bado kuna kompyuta, na kuna msimamizi mwenye uwezo wa kumhamisha abiria ambaye hata hajafika uwanjani.

Kwa hiyo sikuondoka. Wala sikupiga kelele, maana miaka yangu ya wodini imenifundisha kwamba anayepiga kelele husikilizwa mwisho. Nilimnyanyua binti yangu aonekane juu ya kaunta, nikasema, "Huyu ana miaka 4. Ana pumu, na dawa yake ninayo mimi. Akibanwa usiku safu ya 31, nani atajua?" Dada yule akamtazama mtoto, akaita msimamizi. Ilichukua dakika kumi hivi, na watu nyuma yangu waliguna. Binti akawekwa kando yangu. Kijana hakupatiwa, akabaki safu mbili mbele yetu.

Safari ilikuwa ya usiku. Kwenye saa ya nne hivi, taa zikiwa zimezimwa na karibu ndege nzima imelala, nilihisi mkono wa binti yangu ukivuta kanga yangu. Hakulia. Mtoto aliyebanwa na pumu mara nyingi halii, kwa sababu pumzi ya kulilia hana. Nilimwekea sikio kifuani, kwa kuwa ngurumo ya injini humeza kila kitu. Kifua kilikuwa kinapiga filimbi, na mbavu zikivutwa ndani kila anapohema. Nikatoa pampu na chupa yake ya kuvutia, nikamkalisha wima, tukavuta pamoja huku nikimhesabia polepole. Baada ya robo saa akatulia, akalala begani kwangu. Abiria wa upande wa pili hakuamka hata kidogo. Namshukuru Mungu, na namshukuru yule msimamizi, ambaye bila shaka amekwisha kunisahau.

Nawaeleza haya kama muuguzi, nisidhaniwe kuwa ni mama wa kudekeza watoto. Hewa ya ndani ya ndege ikiwa juu ni kama hewa ya mlimani, mita 1,800 hadi 2,400 hivi, yaani kama umeketi Njombe. Tena ni kavu. Mtoto mzima hana shida nayo, lakini mwenye pumu au ugonjwa wa moyo aangaliwe kwa karibu. Wakati wa kuteremka masikio huuma, na mdogo asiyejua kumeza mate au kutafuna kitu hulia kwa maumivu ya kweli. Wa kunyonya apewe titi wakati huo. Homa inaweza kupanda njiani ikaleta degedege. Mtoto hupaliwa na karanga. Katika mambo hayo yote, anayehitajika ni mtu aliye umbali wa mkono.

Halafu kuna yale ambayo hatuombi yatokee. Mmesikia wahudumu wakieleza kwamba vinyago vya oksijeni vikianguka, mtu mzima avae chake kwanza ndipo amvishe mtoto. Watu hucheka, wakisema mama gani atajitanguliza. Lakini hewa ikitoka ghafla ndege ikiwa futi 35,000, mtu hubaki na akili timamu kwa nusu dakika hadi dakika moja tu. Ukivaa chako unao muda wa kumvisha aliye kando yako. Wa safu ya 31 humfikii.

Wenzetu wamelitazama jambo hili kwa macho hayo hayo. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza inashauri kwamba mtoto mdogo akae safu moja na mtu mzima aliye naye. Ikishindikana, wasitenganishwe kwa zaidi ya safu moja. Sababu wanayoitoa ni kwamba ndege ikibidi kuhamwa haraka, wazazi wanaokimbilia watoto wao safu nyingine watawazuia wengine kutoka. Kanada imeweka kanuni tangu Desemba 2019: mtoto wa chini ya miaka 5 akae kiti kinachogusana na cha mzazi, wa miaka 5 hadi 11 awe safu ile ile, asitenganishwe naye kwa zaidi ya kiti kimoja, wa miaka 12 au 13 asiwe mbali kwa zaidi ya safu moja. Tena bila malipo ya ziada. Marekani nako, Agosti 2024, Wizara ya Uchukuzi ilipendekeza kanuni ya kuwakalisha watoto wa miaka 13 na chini yake kando ya mzazi bila kulipishwa. Kwingine mara nyingi shirika hufuata utaratibu wake, na njia ya kuujua ni kuuliza kabla ya kutoa fedha. Kwa maoni yangu, kumlipisha mama ili akae na mtoto wa miaka 4 ni biashara isiyo na haya. Lakini mpaka ibadilike, tufanye lililo mikononi mwetu.

Kazi huanzia siku ya kukata tiketi. Watu wote wa familia wawe kwenye namba moja ya safari. Wakala akikata baba peke yake na mama na watoto peke yao, labda kwa sababu fedha zilipatikana kwa awamu, kompyuta haiwezi kujua kwamba ninyi ni watu wa nyumba moja. Mwambie aziunganishe hizo namba, na tarehe za kuzaliwa za watoto ziandikwe, maana mtoto asiye na umri kwenye kompyuta anahesabiwa kama mtu mzima. Uliza pia kama tiketi hiyo ya bei ya chini kabisa inaruhusu kupangiwa kiti. Nyingi haziruhusu.

Usitafute mstari mzima wa viti, tafuta jozi. Baba na mama wenye watoto wawili wakitaka viti vinne vya kufuatana, ndege nyingi hazina hata mpangilio huo. Ndege ndogo za panga boi zinazokwenda mikoani, kama ATR 72, zina viti viwili kila upande. Boeing 737 ina vitatu kila upande. Boeing 787 kwa kawaida ina vitatu, vitatu na vitatu, na Airbus A330 ina viwili, vinne na viwili. Mtoto mmoja na mtu mzima mmoja watapatiwa mahali hata ndege ikiwa imejaa, hata kama baba yuko nyuma kwa safu kumi na yule mwingine. Wala hamtapoteana; mlango ni ule ule. Mama aliye peke yake na wawili, kwenye ndege ya viti viwili viwili, akae na mdogo, mkubwa awe ng'ambo ya ile njia ya katikati.

Hapa niongeze jambo ambalo wengi hushangaa wakilisikia. Mtu na mdogo wake, wote wakiwa na watoto wa mapajani, hawaruhusiwi kukaa seti moja ya viti. Kila seti huwa na kinyago kimoja tu cha ziada cha oksijeni, yaani cha mtoto mchanga mmoja. Kwa hiyo msigombane na mhudumu. Ombeni viti vya kutazamana kwa kuvuka njia. Na safu za milango ya dharura mtoto haruhusiwi kabisa, hata kama umeona zina nafasi ya miguu.

Juu ya fedha, piga hesabu kwanza. Mama mwenye watoto wawili wa kulipiwa viti, anayebadilisha ndege mara moja, akienda na kurudi anapanda ndege nne. Viti vitatu mara nne ni malipo 12. Hiyo ni ada ya mtu. Mimi kwenye safari ya kurudi nililipia ndege moja tu, ile ndefu ya usiku, na kwa zile za mchana nikaomba. Wengine hulipia kiti cha mzazi na cha yule mdogo tu. Lakini uliza kwanza. Yapo mashirika yasiyomtoza anayesafiri na mtoto, ila hayakwambii mpaka useme.

Baada ya hapo fungua usajili wa simu mara tu unaporuhusiwa, mara nyingi saa 24 kabla ya safari. Kama hujui, kijana yeyote wa nyumbani atakufanyia. Ukiona mmetawanywa, piga simu ofisini siku hiyo hiyo, na kesho yake uwe mtu wa kwanza kwenye foleni ya kaunta. Hata kama viti vilikuwa vizuri, vitazame tena, maana ndege hubadilishwa, kama yalivyonipata mimi.

Ikiwa yote yameshindikana na sasa unaingia ndani, zungumza na mhudumu pale mlangoni kabla hujakaa. Yeye akimwomba abiria ni ombi la ndege. Ukimwomba wewe ni ombi la mtu asiyemjua. Toa kilicho kizuri. Anayekaa dirishani hatahamia kiti cha katikati nyuma karibu na choo, lakini atafikiria ukimpa dirisha jingine mbele. Usijikalishe kwenye kiti cha mwenzio na watoto wako kisha umsubiri aje uanze kumlilia. Nimeyaona hayo, na hayapendezi. Na akikataa, mwache. Pengine amekilipia, au ana goti bovu, au anaogopa ndege kuliko mtoto wako.

Atakayekaa mbali awe yule mkubwa, kama nilivyofanya kwa kijana wangu. Nilimpeleka mwenyewe mpaka kitini, nikamsalimia mzee aliyekuwa kando yake, nikamwonyesha mhudumu mahali nilipo mimi. Nilimweleza mtoto mbele yao kwamba akitaka choo, au mtu yeyote akimgusa asivyopenda, abonyeze kitufe cha kumwita mhudumu na atamke jina langu kwa sauti. Kwa watoto tunaowaona zahanati, sioni aibu kulisema hilo mbele ya wageni, na mzee yule alitikisa kichwa kukubali. Mtoto aende choo kabla ya kupanda. Begani awe na mkoba wake mwenyewe: sweta, maji, biskuti, kitabu cha kuchorea, na karatasi yenye jina lake na namba ya kiti chako. Kama ni mtoto wa pumu na umri wake unamruhusu, pampu iwe humo, ya pili ibaki kwako, na mhudumu wa upande wake aonyeshwe ilipo kabla ndege haijaruka.