Uvimbe Uliobaki Mguuni

Leo nakwambia jambo nililowaficha washirika wangu.

Tulipokuwa tukishusha vyombo baada ya mkutano wa injili, spika iliniponyoka ikanigonga muundi wa mguu wa kulia. Ngozi haikupasuka. Mguu ulivimba, ukawa wa zambarau, ukageuka manjano, kisha rangi ikaisha. Lakini pale nilipogongwa pakabaki uvimbe mgumu, kama nusu ya ndimu.

Kila usiku niliwekea mkono nikakemea. Asubuhi naugusa: upo. Ndugu yangu alifariki kwa saratani, kwa hivyo unajua niliwaza nini. Na hospitali niliona aibu. Mimi ndiye huwaombea wagonjwa. Watasema nini wakimwona pasta kwenye foleni?

Wiki ya sita mke wangu akauona. Hakunihubiria. Alisema tu, "Pasta, kesho tunaenda."

Eksirei ilionyesha mfupa ni mzima. Daktari akaniambia kwamba kwenye muundi ngozi iko karibu sana na mfupa. Ukigongwa, mishipa midogo hupasuka, damu hukusanyika chini ya ngozi na kuganda. Mwili huifyonza polepole, kwa wiki nyingi, hata miezi. Wakati mwingine mafuta ya chini ya ngozi nayo huumia, na ugumu wake hukaa zaidi. Akanikataza kuukanda kwa nguvu au kuutoboa. Tena akanionya: ukizidi kukua, ukiwa mwekundu na wenye joto, ukipata homa, au shavu la mguu likivimba na kuuma, rudi upesi. Na mwenye kisukari au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asingoje.

Nililia ndani ya gari. Wiki sita nilikuwa nimebeba hofu ambayo ingeondoka kwa asubuhi moja.

Mpendwa, Yakobo alitoka Penieli amebarikiwa, na alitoka akichechemea. Luka alikuwa tabibu, na Paulo alimwita mpendwa. Kupimwa si kukosa imani. Uvimbe wangu bado upo, ila umepungua, nami nangoja bila hofu.

Je, wewe unaficha nini? Mwambie mtu leo, kisha uende ukapimwe.

Baba, mpe anayesoma ujasiri wa kwenda na subira ya kungoja. Katika jina la Yesu. Andika Amina.