Jumamosi ya Wawili Gerezani

Kama wewe na mwenzi wako mnadhani mtoko lazima uwe Coco Beach na mishikaki, jaribuni siku moja Gerezani. Ndiyo, Gerezani hii hii ya jirani na Kariakoo, ya nyundo, mabati na spea. Vaeni viatu vya kufunika, mfike asubuhi kabla jua halijawa kali.

Sisi tulipelekwa huko na Beetle ya mwaka 1972 aliyoniachia marehemu baba. Rangi tayari, injini tayari, ilibaki betri tu. Na hapo ndipo mimi na mume wangu tulipokuwa tunavutana. Yeye alitaka betri ya maji yenye vizibo vyeusi, kama ile ya zamani, ili gari liwe orijino mpaka chini ya kiti. Mimi nilikuwa namuwaza binti yetu wa miaka minne.

Binti anaingiaje? Kwenye Beetle betri haikai karibu na injini. Inakaa chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia. Yaani mtoto anakalia betri!

Duka la kwanza kijana akatudaka: "Karibu dada, volti ngapi?" Swali zuri hilo. Beetle nyingi za kabla ya mwaka 1967 zilitumia volti 6, betri yenye vizibo vitatu. Yetu ni volti 12, vizibo sita, kimoja kwa kila chumba. Pimeni nafasi kabla hamjatoka nyumbani, hasa kimo. Betri ikizidi kimo, mtu akikaa springi za kiti zinagusa vichwa vyake. Cheche, moto, kwisha habari. Ndiyo maana kiwandani waliiwekea mfuniko. Kama wenu umepotea, tafuteni huo kwanza.

Vizibo tulivikuta kwa mzee mmoja mwenye meza ya vitu vya zamani. Tukamwamkia, naye akatupa darasa. Kizibo si pambo, alisema. Betri ikichajiwa inatoa gesi ya haidrojeni, na gesi hiyo ikifika asilimia 4 tu ya hewa, cheche moja inatosha kuilipua. Kitundu cha kizibo kinaitoa gesi na kuzuia asidi isiruke. Kikiziba, betri inaweza kupasuka. Kwa hiyo kitazameni kwenye mwanga, kagueni mpira wake, tena mwende na kizibo cha zamani mkononi, maana vingine ni vya kuzungusha na vingine vya kubonyeza.

"Sasa wanangu," mzee akauliza, "hiyo gesi ikitoka chini ya kiti, inakwenda wapi?"

Mume wangu kimya.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, betri ya maji yenye mpira wa kutolea gesi nje kupitia sakafu ya gari. Ya pili, betri iliyofungwa ya aina ya AGM, ambayo asidi yake imenyonywa na nyuzi za kioo. Haimwagiki, na vali yake hufunguka tu shinikizo likizidi. Ila haipendi chaji kali, kwa hiyo fundi umeme aipime regyuleta kwanza. Volti 14 na kidogo, basi.

Tukachukua iliyofungwa. Hakuna aliyemshinda mwenzake, swali la mzee ndilo lililoamua. Mume wangu akanunua na vile vizibo sita vyeusi, sasa viko kwenye kabati la sebuleni, na kwa kweli vinapendeza.

Mkifika nyumbani, ifungeni betri isicheze. Waya wa chanya uanze, wa hasi umalizie, kisha mfuniko. Halafu kabla hamjabishana kuhusu orijino, muulizane kwanza nani atakaa juu yake.