Picha Moja kwa Televisheni Mbili Darasani

Miongoni mwa zana za kufundishia zinazozidi kuonekana katika shule za msingi ni televisheni bapa. Aghalabu shule huipata kwa mchango wa wazazi au kwa hisani ya mfadhili, moja mwaka huu na nyingine mwaka ujao, tena za aina tofauti. Hapo ndipo walimu wanafunzi hutuletea swali lao: darasa lina watoto 90, kompyuta ni moja, televisheni ni mbili, je, yawezekana picha ileile ikaonekana katika zote mbili kwa wakati mmoja? Yawezekana. Lakini kuna mambo ambayo mwalimu hana budi kuyajua kabla ya kuingia dukani, na mengine, yaliyo mazito zaidi kwa maoni yetu, kabla ya kuingia darasani.

Kwanza tuthibitishe kwamba televisheni ya pili ina kazi. Televisheni ya inchi 32 ina kioo chenye kimo cha takriban sentimita 40. Sisi huwaambia wanachuo wetu kwamba herufi ya ubaoni isipungue sentimita 5 iwapo itasomwa na mtoto wa dawati la mwisho katika chumba cha mita 9. Herufi za kimo hicho, pamoja na nafasi kati ya mstari na mstari, hazitazidi mistari mitano katika kioo hicho. Kwa hiyo televisheni moja iliyosimamishwa mbele ni kama ubao wa mistari mitano, na mtoto wa nyuma huona rangi zikichezacheza tu. Lakini ukiiweka ya pili kwenye ukuta wa pembeni, mita 5 kutoka mbele, mtoto huyo hubaki na umbali wa mita 4 hivi. Hiyo ndiyo sababu ya kuhangaika na mambo yote yanayofuata.

Wengi hudhani kugawa picha ni jambo jepesi, na dhana hiyo ina asili yake. Zama za analogi, ambazo jijini Dar es Salaam zilifika mwisho tarehe 31 Desemba 2012, waya wa antena uliweza kugawanywa kwa kipande kidogo cha chuma na kupelekwa vyumba viwili. Kila televisheni ilipata chini ya nusu ya nguvu, picha ikaingia chenga kidogo, na watu wakaendelea kutazama. Ilikuwa kama kugawa maji ya mtungi mmoja katika ndoo mbili.

Waya wa HDMI, ambao kanuni zake zilitolewa kwa mara ya kwanza mwezi Desemba 2002, haukubali mgawo wa namna hiyo. Ndani yake mna njia 19, na si zote zinazobeba picha. Nyingine ni za mazungumzo. Mara televisheni inapounganishwa, kompyuta huiuliza: wewe ni nani, nawe waweza kupokea picha ya namna gani? Televisheni hujibu kwa maelezo mafupi iliyotiwa kiwandani, ambayo sehemu yake ya msingi ni baiti 128. Baada ya jibu hilo ndipo picha hutumwa. Sasa tuchukue ule waya wa matawi mawili unaouzwa kwa bei ndogo, usio na umeme wala akili ndani yake. Televisheni mbili hujibu kwa pamoja, na kompyuta haielewi hata moja. Juu ya hayo, kila jozi ya nyaya za picha imepimwa kwa mpokeaji mmoja. Wakiwa wawili, nguvu hupungua na mawimbi hurudi nyuma yakigongana. Wala picha haitaingia chenga kama ile ya zamani. Itakatika-katika, au kioo kitakuwa cheusi kabisa. Waya huo usinunuliwe.

Kinachotakiwa ni kisanduku kinachojitegemea kwa umeme, ambacho mafundi hukiita spilita: tundu moja la kuingizia, mawili ya kutolea. Chenyewe huzungumza na kompyuta kama kwamba ni televisheni moja, kisha hutengeneza picha hiyo upya mara mbili, kila nakala ikiwa na nguvu kamili. Katika mazungumzo hayo kisanduku hakiwezi kuahidi kwa niaba ya televisheni mbili jambo ambalo moja wapo hailiwezi. Ikiwa ya kwanza hupokea nukta 1920 kwa 1080, na ya pili haizidi 1280 kwa 720, basi zote mbili zitapewa picha ya 1280 kwa 720. Visanduku vizuri hulinganisha majibu ya pande zote; vya bei nafuu mara nyingi husoma tundu la kwanza la kutolea peke yake. Kwa hiyo televisheni iliyo dhaifu iunganishwe hapo kwenye tundu la kwanza, au kompyuta yenyewe ipangwe mapema kutoa picha ya kiwango cha chini.

Tumewasikia walimu wakilalamika kwamba kufanya hivyo ni kuishusha televisheni nzuri kwa ajili ya ile mbovu. Tuwaombe wachukue kalamu. Kimo cha sentimita 40 kikigawanywa kwa nukta 720, kila nukta hupata kama nusu milimita. Jicho zima, likiwa mita 4 mbali, haliwezi kutenganisha vitu vilivyoachana kwa pungufu ya milimita moja hivi. Hakuna mtoto anayenyang'anywa chochote.

Kuhusu waya, ule unaokwenda ukuta wa pembeni hupanda, hupita juu ya mlango, kisha hushuka. Mita 5 za sakafuni huwa 8 kwa urahisi. Waya wa kawaida ukipita mita 10 hauaminiki. Na anayetumia king'amuzi mahali pa kompyuta ajue kwamba picha zake huweza kuwa na kufuli liitwalo HDCP. Televisheni moja ikishindwa kulijibu, zote mbili huweza kukosa picha. Baadhi ya ving'amuzi hutoa pia picha kwa matundu ya AV, yale ya njano, nyeupe na nyekundu, sambamba na HDMI. Hapo spilita haihitajiki.

Sasa tuje darasani. Tulikuwa tukimtazama mwalimu mwanafunzi akifundisha mzunguko wa damu katika darasa la tano. Vyombo vilikuwa vimefungwa barabara, moyo ukidunda katika vioo vyote viwili. Akachukua fimbo, akaigusa televisheni ya mbele: "Damu inaingia hapa." Watoto wa nusu ya nyuma, waliokuwa wakitazama ukutani kama walivyoelekezwa, waliona moyo lakini hawakuiona fimbo. Wakageuza shingo mbele, wakakuta ule moyo mdogo wa mbali, wakarudi ukutani. Baada ya dakika chache baadhi yao walikuwa wakitazama dirishani. Ishara iligawanyika vizuri, mwalimu hakugawanyika.

Dawa yake ni rahisi, nasi tungependa iwe desturi. Fimbo iwekwe chini, na kionyeshi cha puku kifanye kazi yake, kwa maana chenyewe husafiri ndani ya ishara na kufika katika vioo vyote kwa mara moja. Kikuzwe mpaka kimo cha sentimita 3 au 4. Mwalimu naye asisimame mbele, bali ubavuni, baina ya vioo viwili, mahali ambapo kila nusu yaweza kuuona uso wake. Maswali ya kwanza yaelekezwe nyuma.

Sauti itoke katika televisheni moja tu. Televisheni za aina mbili huchelewesha sauti kwa vipimo tofauti, na neno "moyo" likitoka mara mbili katika chumba chenye bati tupu juu hugeuka mwangwi. Mwalimu yule alikwisha kulitambua hilo; katika kipindi chake cha pili alizima sauti zote mbili, akaisimamisha picha kila baada ya dakika moja, akaeleza kwa kinywa chake mwenyewe.