Wali wa Maporomoko, darasani kwangu

Ninafundisha historia katika shule moja ya sekondari hapa Kisangani, na hakuna somo ninalolitayarisha kwa uangalifu zaidi kuliko la Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Mbele yangu wanakaa watoto wa Wagenia na wa Walokele, pamoja na wajukuu wa Wangwana waliofika na misafara yake. Habari hizi ni za kwao wote.

Sisi tulifundishwa kwa kifupi: Mwarabu aliteka watu, Mbelgiji akaja kuwakomboa. Sikubali mtoto wa mji huu aondoke darasani na hayo tu. Kwa hiyo naandika ubaoni: Zanzibar, Februari 1887. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ndiye Tippu Tip, anafanya mkataba na mpelelezi Stanley, aliyemwakilisha Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, na kuwa wali wa Stanley Falls, yaani hapa petu, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Apandishe bendera ya Dola Huru ya Kongo, milki ya mfalme huyo, azuie utekaji wa watumwa kuanzia maporomoko kushuka na mto. Mwaka uliotangulia tu, Waarabu na watu wao walikuwa wamekishambulia kituo cha Dola hapohapo. Kisha nauliza: mfalme aliyejitangaza adui wa utumwa alitaka nini kwa mtu huyu? Hapo wanaanza kubishana, na mimi nakaa. Jibu limo katika mkataba: wapagazi kwa msafara wa Stanley, na amani ambayo Dola haikuwa na nguvu ya kuileta.

Nawasomesha pia maisha yake aliyoyaandika mwenyewe, kwa Kiswahili. Julius Caesar naye alisimulia vita vyake vya Gaul, ila alijitaja kana kwamba ni mtu mwingine. Hamed anasema "mimi". Sehemu inayowashika zaidi ni ya Utetela. Alidai bibi yake alikuwa wa ukoo wa mtawala mzee wa huko, naye mzee akamkabidhi nchi. Utawala kwa kudai undugu! Wanafunzi wangu wanaielewa siasa hiyo bila maelezo.

Lakini sifa za kitabu hicho zina mpaka. Pembe za ndovu zinapimwa kwa frasila. Watu waliozibeba hawana majina. Hilo nalisema kwa sauti, kila mwaka, hata kama darasani yumo anayejivunia ukoo wa Wangwana.

Tippu Tip aliondoka hapa 1890. Vita vya Dola dhidi ya Waarabu, 1892 hadi 1894, vilimuua mwanawe Sefu na kuvunja utawala wao. Yeye alifia Zanzibar mwaka 1905.

Kazi ya nyumbani ni kuwauliza wazee: ukoo wetu ulifikaje Kisangani, na nani aliuleta? Wengine wanarudi na majina ya vijiji vya Maniema. Wengine wanaambiwa na babu zao waache kuuliza, na hilo nalo nawaomba waliandike daftarini.